Unachoma Waru kwa Mti wa Nani?



Wengi wenu mliiona ile klipu yangu ya waru za kuchoma kule Ferguson's Gulf. Jua linazama, wavu uko juu ya makaa, waru sita zimefungwa kwa foili zinang'aa kama simu mpya, na mimi hapo katikati najifanya mpishi wa hoteli kubwa. Siku hiyo tulitoka Lodwar asubuhi, kilomita kama 60 hadi Kalokol, halafu tukavuka kwa boti hadi Long'ech ili tupate maji na machweo kwa picha moja. Mliipenda, mkaisambaza, na hadi leo kuna watu wananitumia ujumbe wakitaka kujua zile waru ziliiva kwa dakika ngapi.

Ukweli ni kwamba mbili hazikuiva. Nje zilikuwa nyeusi, ndani mbichi kabisa, ile ya kuuma mpaka unasikia "kwaa". Hiyo sehemu niliikata kabla ya kuposti. Samahani. Lakini hata hiyo siyo sababu ya kuandika leo. Naandika kwa sababu ya makaa.

Ilikuwa hivi. Tulinunua gunia moja la makaa kando ya barabara ya Kalokol. Tukatumia karibu nusu yake, yaani nusu gunia kwa waru sita, hebu fikiria hiyo hesabu. Iliyobaki nikaona nimpelekee nyanya yangu, ambaye anaishi kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar. Nilijiona mjukuu wa maana siku hiyo. Nikashusha gunia kutoka kwa pikipiki, nyanya akachukua kipande kimoja, akakigonga na kingine, akasikiliza ile sauti yake kama ya chuma, halafu akakigeuza akaangalia ganda.

"Hii ni ewoi," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Barabarani, Nyanya. Nimenunua."

"Barabarani hakuoti ewoi."

Basi. Hakusema kingine. Chai alinipa, lakini aliichemsha kwa vijiti vikavu alivyookota mwenyewe, na yale makaa yangu hakuyagusa. Kama umelelewa na nyanya unajua kunyamaza kwa namna hiyo ni afadhali ungechapwa.

Kwa wale mlio mbali na huku: ewoi ni ule mgunga wenye kichwa bapa kama mwavuli, ule ambao uko kwenye kila kadi ya posta ya Afrika, twiga pembeni, jua nyuma. Vitabuni ulikuwa Acacia tortilis, siku hizi wameubadilisha jina ukawa Vachellia tortilis. Huku kwetu unaota hasa kando ya mito, Turkwel na Kerio, kwa sababu mizizi yake inafuata maji ya chini ya ardhi hata wakati mto wenyewe ni mchanga mtupu.

Na hapa ndipo sisi watoto wa mjini tumejisahau. Ile miti ina wenyewe. Kuna kitu kinaitwa ekwar. Ni kipande cha msitu wa kando ya mto ambacho familia fulani ina haki nacho: kulisha mbuzi wao maganda yanayoanguka, kuokota kuni kavu, kukata tawi la kujengea kwa kiasi. Hakuna hatimiliki ya karatasi, hakuna ua, hakuna bango la "mali ya fulani". Lakini watu wa pale wanajua ekwar ya nani inaanzia mti upi na inaishia wapi. Ukitaka kuingiza mbuzi wako kwa ekwar ya mwenzako unaenda kuomba, mnaongea. Kuangusha mti mzima ulio hai ni jambo la wazee kukaa chini.

Kwa nini ukali wote huo juu ya mti? Kwa sababu ya yale maganda. Kiangazi kikikaza, nyasi zikaisha, ewoi ndiyo kwanza inaangusha maganda yake, na yana protini. Mbuzi wanakula, mbuzi wanapata maziwa, watoto wanapata maziwa. Familia nyingine huyakusanya na kuyaweka akiba kwa siku mbaya zaidi. Kwa hivyo mti mmoja mkubwa wa ewoi ni kama duka la chakula cha mifugo linalofunguliwa wakati maduka mengine yote yamefungwa. Na mti huo huchukua miaka mingi kuwa mkubwa.

Nyanya aliposema barabarani hakuoti ewoi, alikuwa ananiuliza: umechoma waru zako kwa mti wa nani?

Sijui ni wa nani. Nililipa pesa, nikapewa gunia, nikaenda kupiga picha.

Sasa kichekesho kiko hapa. Ukisafiri kutoka Lodwar kwenda Kalokol ukiangalia dirishani, mti unaoonekana mara nyingi ni upi? Mathenge. Huku tunauita etirae. Umejaa mpaka ufuoni. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalifunika mengine, na pale Ferguson's Gulf utaona imesimama mikavu ndani ya maji kama watu waliosahau kwenda nyumbani. Mathenge ni Prosopis juliflora, mti wa kutoka Amerika. Uliletwa maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 na miradi ya serikali na wafadhili, na nia ilikuwa nzuri: uzuie mchanga, utoe kuni, ufunike ardhi iliyo uchi. Ukafunika kweli. Ukafunika na malisho, ukafunika na njia, na miiba yake waendesha bodaboda wote wanaijua kwa jina la kwanza.

Maganda yake nayo ni matamu mno, sukari tupu. Mbuzi akila hayo tu kwa muda mrefu, meno yanaharibika yanang'oka. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus kutoka Baringo iliishtaki serikali kwenye Mahakama Kuu kwa sababu ya huu mti, na wakampeleka mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Sitanii, itafuteni hiyo kesi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari.

Kwa hivyo tuna mti unaolisha mbuzi, na tuna mti unaong'oa mbuzi meno. Halafu mimi, na pengine na wewe, tunachoma ule wa kwanza ili tupate picha nzuri ya waru.

Na msiniambie ni kwa sababu makaa ya mathenge ni mabaya. Ni mazuri. Ule mti ni mgumu, makaa yake yanawaka kwa joto kali na yanakaa. Shida ni kazi. Mgunga mkubwa una shina nene, ukiuangusha mmoja unapata magunia kadhaa mahali pamoja. Mathenge ni kichaka, mashina membamba mengi, yamefungwa kwa miiba, unakata siku nzima umechanika mikono na hujajaza tanuru. Gunia likifika barabarani, mnunuzi kama mimi anatoa bei ileile na haulizi chochote. Sasa wewe ungekata upi?

Ndiyo maana sitaki mtu asome hii halafu aende kumtukana mama wa makaa. Wengi wanaochoma makaa huku hawakuzaliwa wachoma makaa. Ule ukame wa kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ikikataa mfululizo, ulimaliza mifugo ya watu. Mtu aliyekuwa na mbuzi 60 akabaki na 5. Akabaki pia na panga, na watoto. Ukimwambia asikate mti, mwambie na atakula nini.

Nenda Kakuma uone upande mwingine wa hilo gunia. Kambi iko pale tangu 1992. Watu wengi kiasi hicho wanapika kila siku, na kuni zinazogawiwa hazijawahi kutosha. Kwa hivyo kwa miaka yote hii kuna biashara kati ya wakimbizi na akina mama wa Kiturkana: mzigo wa kuni au makaa kwa unga, kwa maharagwe, kwa mafuta. Mgao wa chakula ulipokatwa vibaya mwaka 2025, watu walidhani ni shida ya wakimbizi peke yao. Wakati huohuo, mama aliyetembea na kuni kichwani kilomita nyingi alikuta mteja wake hana unga wa kumpa. Huo moto unalisha nyumba mbili, na nyumba zote mbili hazina nafasi ya kuchagua. Mimi ninayo. Mimi nilikuwa nanunua makaa ya kujifurahisha ufuoni siku ya Jumamosi. Kama kuna mtu wa kuuliza swali pale barabarani, ni mimi.

Basi nimeanza kuuliza. "Mama, hii ni etirae ama ewoi?" Wa kwanza alinicheka, akaita mwenzake aje anione. Wa pili aliniambia bila wasiwasi ni ewoi, tena akaisifu. Wa tatu alikuwa na mathenge, gunia limejaa vipande vyembamba kama vidole, na nilipomwambia nitaongeza kidogo juu ya bei yake alinitazama kama tapeli. Nililipa. Siku iliyofuata alikuwa na gunia lingine. Je, anaweza kunidanganya kesho? Anaweza. Mimi sina masikio ya nyanya ya kugonga makaa nikajua ni mti gani. Lakini vile vipande vyembamba ni dalili nzuri, kwa sababu huwezi kupasua shina nene la mgunga likatoka hivyo bila kujisumbua bure.

Kuna rafiki yangu mmoja anayesomea mambo ya mazingira aliniambia kitu ambacho nilikiwaza siku kadhaa. Alisema ukiupa mathenge bei, watu wataanza kuulinda, na gugu litakuwa shamba. Ana hoja. Lakini huu mti hauhitaji ulinzi wa mtu: ukiukata unachipuka tena kutoka kwa kisiki, lazima uuchimbe mpaka chini ya udongo ndio ufe. Tutakufa tukiuacha. Wakati ewoi ikikatwa, mche mdogo unaliwa na mbuzi kabla haujafika kiunoni. Kati ya mti unaorudi wenyewe na mti ambao mjukuu wangu ndiye atauona ukikua, mimi najua ninaochomea waru.

Haya, na gesi je? Nyumbani, kama una mtungi na pesa ya kuujaza, tumia gesi, usiniulize mara mbili. Lakini ufuoni gesi inashindwa na upepo. Wale mmelala Long'ech mnajua upepo wa huku si wa mchezo. Ndio upepo huohuo unaozungusha zile mashine 365 za umeme upande wa pili wa ziwa, kule karibu na Loiyangalani. Ukiweka jiko wazi, upepo unakula makaa yako kama shabiki wa timu iliyoshinda. Ndio ilitumaliza nusu gunia. Juu ya wavu joto lote linaenda Sudan Kusini, chini ya waru hakuna kitu, halafu unaongeza makaa, halafu nje inaungua.

Tangu siku hiyo nimepika waru mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali, na jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Mchanga. Chimba shimo kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Washa makaa kidogo humo ndani, mimi natumia mikebe miwili ya kasuku, na uyaache. Hapa ndipo vijana tunashindwa, kuacha. Usiweke waru wakati kuna mwali. Subiri mpaka makaa yavae majivu meupe. Sambaza, weka majivu kidogo juu, panga waru zako, funika kwa majivu mengine na makaa machache juu kabisa, halafu tandaza mchanga wa moto pembeni. Upepo unapita juu, haukuoni.

Waru ziwe za ukubwa mmoja, kama ngumi ya mtoto. Zikiwa kubwa kama ngumi ya mzee utangoja mpaka fisi waje. Zioshe, zikauke kabisa, zichome matundu mawili matatu kwa uma ili mvuke utoke, isije moja ikapasuka ukadhani ni mambo ya mpakani. Baada ya kama dakika 40 zigeuze. Baada ya saa moja dunga moja kwa kijiti: kikiingia kama kwenye siagi, toa. Ngoja, gonga majivu, pasua. Ganda limekuwa gumu na lina harufu ya moshi, ndani ni unga mweupe. Weka samli ya mbuzi kama unayo, chumvi, pilipili. Kama kuna ngege aliyechomwa pembeni, mimi sina la kuongeza.

Wala sijavumbua chochote. Kiazi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na wenyewe mpaka leo wakati wa mavuno hujenga tanuri la mabonge ya udongo palepale shambani, wanawasha moto ndani, wanatia viazi, halafu wanalibomoa tanuri juu yao viive kwa joto la ule udongo. Wanaita huatia. Hakuna wavu, hakuna foili.

Foili, eeh. Tuongee kuhusu foili. Niliitumia kwa sababu nilikuwa nimeona wazungu wakiitumia kwenye video zao, na kwa sababu inang'aa. Kumbe foili inafungia mvuke, kwa hivyo unachopata ni kiazi cha kuchemshwa kilichovaa suti. Ganda linakuwa teketeke. Halafu ile karatasi inabaki ufuoni. Tulidhani tumeokota yote, lakini niliporudi Long'ech wiki mbili baadaye nilipata kipande changu kimekwama kwenye wavu wa mvuvi aliokuwa ameuanika. Hakunigombeza. Alikitoa tu akanipa mkononi, kama mtu anayerudisha simu iliyopotea.

Na kuna hatari ambayo sikuwahi kuisikia. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua sumu ya botulizimu baada ya kula kwenye mgahawa mmoja. Chanzo kilikuwa viazi vilivyookwa ndani ya foili, vikaachwa vimefungwa hivyohivyo bila kuwekwa kwa baridi, halafu vikatumika. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo, vinaweza kuvumilia moto wa kuoka, na ndani ya foili kuna unyevu na hakuna hewa, kwa hivyo vinastarehe vinatengeneza sumu. Sasa chukua hicho kiazi ukiache kwa sufuria Lodwar, ambapo hata kivulini ni nyuzi 35. Waru iliyochomwa iliwe ikiwa moto. Iliyobaki ifunguliwe, iingie kwa friji kama ipo, kama haipo mpe jirani ale sasa hivi.

Kwa sababu tumefika kwa afya, kitu kimoja kuhusu waru zenyewe. Hakuna aliyelima hizi waru huku. Zinapanda lori nyanda za juu, zinapita Kitale, zinateremka mpaka kwetu, na nyingi ni shangi, ambayo inaiva haraka lakini pia inachipuka haraka. Zikifika sokoni zinamwagwa juani. Jua likipiga kiazi kinakuwa cha kijani, na ile rangi ya kijani inakuja pamoja na sumu inayoitwa solanini, ambayo moto hauiondoi. Hata ukichoma mpaka iwe jivu, utaharisha tu. Chagua za chini ya gunia, au mwombe muuzaji aweke kivulini, na nyumbani ziweke gizani penye hewa. Nchi yetu ina waru nyingi, ni zao la pili la chakula baada ya mahindi. Mnakumbuka Januari 2022 KFC walipoishiwa chipsi wakasema mzigo wao umechelewa baharini, Wakenya wakawaka mtandaoni, waru zimejaa Nyandarua? Nilichekea hapo na mimi. Leo najiuliza kama sikuwa nafanya kitu kilekile: mathenge imejaa mpaka mlangoni, na mimi naagiza mgunga.

Halafu kuna maji. Chipsi zinataka mafuta, viazi vya kuchemsha vinataka maji, na Kalokol maji matamu ya kunywa ni kazi. Ziwa lipo hapo, kubwa, lakini ni la magadi, halina mto unaotoka, na chai yake hutaki. Waru ya kwenye majivu haitaki tone la maji wala la mafuta. Mnaotafuta biashara ndogo huku, badala ya kila mtu kufungua kibanda cha chipsi karibu na kibanda kingine cha chipsi, hebu fikirieni. Shimo, mikebe miwili ya mathenge, gunia la waru kivulini. Sisemi utakuwa tajiri. Nasema hutanunua mtungi wa mafuta kila wiki.

Wiki iliyopita nilienda tena kwa nyanya. Nilibeba waru nane na mkebe wa makaa ya mathenge, nikachimba shimo kwenye mchanga wa mto mita chache kutoka nyumbani kwake. Alikuja na kigoda akakaa. Hakunisaidia, alinitazama tu jinsi mtu anavyotazama mtoto akifunga viatu. Nilipompa makaa aliyagonga, akasema "etirae", akayarudisha shimoni mwenyewe kwa mkono. Alikula waru moja na nusu na samli, akaniuliza nyama iko wapi.

Lile nusu gunia langu la ewoi bado liko nyuma ya nyumba, limefungwa kamba palepale nilipoliacha. Nilimwambia basi alitumie tu, mti umeshakatwa, haurudi. Akasema liache. Mwenyewe akipita kuuliza, alikute.